Msimu wa Mama

Wakati wa masika, nyumbani kwa kina Twaiba kule Msambweni, watu hawakuamshwa na jogoo. Waliamshwa na ugomvi baina ya Bibi na shuka lake.

"Mwanarusi! Njoo unifungue!" Bibi aliita kutoka chumbani. "Mimi ni mtu ama ni barua ya posta?"

Mwanarusi, mamake Twaiba, alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga, akachomoa pembe za shuka zilizofukiwa chini ya godoro. Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda katika hoteli moja ya Galu, na huko shuka hubanwa mpaka sisimizi akose pa kupitia.

"Nisamehe, Mama. Mikono imezoea."

"Basi iwabane wageni wako. Mimi nataka kulala nimekunja magoti yangu."

Twaiba, naye akiwa amebanwa vivyo hivyo kwenye kitanda cha pili, alicheka kimyakimya, kisha akaomba dua yake ya kila asubuhi: mvua isikatike.

Dua hiyo inahitaji maelezo. Mwalimu Suleiman alikuwa amewafundisha gredi ya sita kwamba mwaka wa pwani una misimu minne: kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Alichora duara ubaoni, akaligawa kama chapati, na wanafunzi wakalinakili. Twaiba pia alilinakili, maana alikuwa mtoto mtiifu kila utiifu ulipokuwa hauna gharama. Lakini moyoni alijua kwamba mwalimu, pamoja na elimu yake yote, alikuwa amekosea. Mwaka una misimu miwili tu. Upo msimu wa Mama, na upo ule mwingine.

Ule mwingine ndio ambao watu wa Diani na Galu huuita "msimu" bila kuongeza neno, kana kwamba siku nyingine si siku. Ni wakati wageni wanapojaa hotelini. Wakati huo Mama alipanga chumba Ukunda pamoja na wenzake, akaamka kabla ya ndege, akatandika vitanda vya watu asiowajua, na akaja nyumbani siku ya mapumziko tu. Hata siku hiyo hakuja mzima. Alikuja uchovu wake umetangulia mbele, akasinzia na kijiko mkononi, na kesho yake akaondoka.

Lakini Pasaka ilipopita na mvua ya mwaka kuanza kuipiga pwani, mambo yaligeuka. Bahari ilikasirika. Mwani ulirundikana ufuoni kama nguo chafu. Kima waliingia kwenye mabaraza ya hoteli, wakakalia viti vya watu bila kulipa. Madereva wa tuktuk walilala ndani ya tuktuk zao, na wafanyakazi wa msimu waliambiwa, "Nendeni nyumbani, tutawaita." Watu wazima walisikitika. Twaiba alisikitika pamoja nao kwa uso, akashangilia kwa tumbo.

Maana Mama alirudi. Babake Twaiba alifariki Twaiba angali anatambaa, kwa hiyo Mama alipokuwa nyumbani, nyumba ilikuwa imejaa. Walipanda kunde na mahindi kwenye udongo uliolowa. Walikaa barazani mvua ikinyesha, Bibi akitafuna tambuu, Mama akisuka ukili wa mikeka, Twaiba ameegemea goti la Mama akisukwa nywele kwa zamu na ukili. Siku hizo Mama alinuka moshi wa kuni na udi. Sabuni ya hoteli ilikuwa imemtoka kabisa.

Sasa ni lazima, kwa masikitiko makubwa, kueleza kipaji cha Twaiba. Mwenyezi Mungu alikuwa amempa koo lisilo na mlango. Sauti yoyote iliyopita karibu iliingia, ikakaa. Siku moja alijificha nyuma ya tangi la maji la shule, akawa Mwalimu Suleiman: "Gredi ya tano! Mstari mmoja! Kimya!" Gredi ya tano ikapanga mstari juani, ikanyamaza kuliko ilivyowahi kunyamaza, hadi Mwalimu Suleiman mwenyewe alipotokea na kushangazwa na nidhamu ambayo hakuiamuru. Twaiba aliadhibiwa kufagia uwanja. Aliufagia huku akijikaripia kwa sauti ya mwalimu.

Sauti aliyoiweza kuliko zote, hata hivyo, haikuwa ya kuchekeshea watu. Ilikuwa ya Mama. Katika ule msimu mwingine, kabla ya kulala, Twaiba alijifunika na kujiambia kwa sauti hiyo, "Lala salama, mwanangu," kisha akajijibu, "Nawe pia, Mama." Hakuna aliyelijua hilo, hata Bibi.

Mwaka huo, mwezi wa Juni ulipokuwa ukimalizika, mvua ilianza kuchoka. Upepo wa kusi ukaleta ubaridi wa asubuhi, na watu wakatafuta sweta. Kipupwe kilikuwa kimeingia. Njiani kutoka shule, rafikiye Muhsina, ambaye babake alikuwa na tuktuk, alirukaruka kama mbuzi.

"Msimu unaanza, we! Baba ameosha tuktuk mpaka chini ya viti. Amesema wageni wakija nanunuliwa viatu."

"Wageni wako hao na wakae kwao," Twaiba akamwambia. "Kwani kwao hakuna bahari?"

"Unasema hivyo na mamako anakula kwa wageni hao hao?"

Twaiba akaamua kumwigiza babake Muhsina akikohoa. Muhsina alicheka hadi akasahau swali. Twaiba hakulisahau.

Jumamosi iliyofuata, Mama aliteremka kisimani na Bibi alikuwa uani akipeta mchele. Simu ya Mama, kabambe ya vitufe iliyofungwa mpira kuzuia betri isianguke, ililia juu ya meza. Twaiba alitazama jina. Lilikuwa la Fauzia.

Bi Fauzia na Mama walianza kazi pamoja wakiwa wasichana, wakifua mashuka. Sasa Bi Fauzia alikuwa msimamizi wa vyumba pale hotelini, na kila mwaka yeye ndiye aliyempigia Mama kumwita kazini. Kwa hiyo Twaiba alijua vizuri kinacholia pale mezani. Ulikuwa mwisho wa msimu wa Mama.

Aliishika simu kwa nia njema kabisa ya kusema kwamba Mama yuko kisimani. Lakini alipofungua kinywa, sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Haloo?"

"Shoga yangu Mwanarusi, assalamu alaikum."

"Waalaikumu salaam."

"U hali gani? Mama hajambo? Na Twaiba wako?"

"Hawajambo wote."

Hapa Mama angeuliza habari za mume wa Bi Fauzia, za watoto, na za mamake mgonjwa aliyekuwa Vanga, mmoja mmoja, bila haraka. Lakini Twaiba alikuwa akichungulia dirishani, na kwenye njia ya kisimani ndoo ya samawati ilikuwa imeanza kuonekana juu ya majani.

"Niambie," akasema.

Bi Fauzia akashusha sauti. "Nilikupigia siku ile, hukupatikana. Nikasema ni mvua, mitambo imezima. Mwanarusi, mama ametutoka. Tumemzika Vanga."

Maneno hayo yalimpita Twaiba kama gari linavyompita mtu aliyekwisha kuvuka barabara. Ndoo ilikuwa inakaribia.

"Haya, sawa," alijibu.

"Haya... sawa?"

"Ndiyo. Na kazi, mwaka huu sitakuja. Tafuteni mtu mwingine."

Kisha Bi Fauzia akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtu aliyesukumwa, "Haya, Mwanarusi." Simu ikakatika. Twaiba akaifuta namba ile kwenye orodha ya simu zilizoingia.

"Nimesikia simu," Mama alisema akitua ndoo. "Nani?"

"Watu wa kukudanganya, Mama. Ati umeshinda gari."

"Hao nao hawachoki," Mama akasema, akacheka.

Siku za mwanzo Twaiba alikuwa na furaha isiyo kifani. Mama alimsuka nywele, wakavuna kunde, wakala mihogo ya nazi. Lakini jua lilizidi kutulia, na Mama akaanza kuiangalia simu. Aliiangalia akipika. Aliifunga kwenye pindo la leso akienda kisimani. Habari zikaja kwamba hoteli zimefunguliwa na wageni wameanza kushuka. Mama akajikaza, akampigia Bi Fauzia. Simu iliita hadi mwisho, haikupokewa. Alipiga tena siku ya pili. Ikawa vilevile.

"Labda wamepata wasichana wenye nguvu zaidi," alimwambia Bibi. "Siwalaumu."

Hakulia wala hakulalamika. Alipunguza tu kuwa Mama. Alisukuma ugali bila kuimba. Aliitwa mara mbili kabla ya kuitika. Usiku mmoja Bibi alijilaza, akakunja magoti yake bila taabu yoyote, kisha akaita.

"Mwanarusi, shuka hili halikubanwa."

"Si ulisema hutaki, Mama?"

"Nilisema. Sasa nimekosa wa kugombana naye."

Twaiba alilala akitazama makuti. Alikuwa amemzuia Mama asiende, na bado Mama hayupo. Hata ile sauti ya "lala salama" aliijaribu, ikamkwama kooni.

Kitu kimoja tu kilimpa Mama uhai. Tangu masika alikuwa akisuka ukili wa kushonea msala wa kusalia, mnene kuliko kawaida, wenye rangi ya zambarau na nyekundu. Twaiba alikuwa hajauliza ni wa nani. Alhamisi moja alasiri Mama alimaliza pindo la mwisho, akaukunjua barazani na kuupigapiga kwa kiganja.

"Tazama, mwanangu. Haukupendeza?"

"Umependeza, Mama. Wa nani?"

"Wa mamake Fauzia, kule Vanga. Magoti hayamwezi tena, akisujudu anaumia. Nimeusuka mnene kwa ajili yake. Kesho nampelekea."

Twaiba alishika pindo la msala.

"Lakini Bi Fauzia hapokei simu zako."

"Fauzia ana sababu zake. Kazi ni kazi, utu ni utu. Yule mzee amenilisha mimi nikiwa na mimba yako. Nimwache kwa sababu sikuitwa kazini?"

"Kesho itanyesha, Mama."

"Na inyeshe."

"Bibi tumbo linamuuma."

"Tumbo la nani?" Bibi aliuliza kutoka uani, kwa sauti ya mtu ambaye tumbo lake halijapata kuwa na afya kama siku hiyo.

Twaiba aliutazama ule msala. Zambarau, nyekundu, zambarau. Mama alikuwa akitabasamu, tabasamu la kwanza baada ya siku nyingi, na alikuwa akimtabasamia maiti bila kujua.

"Hayupo, Mama."

"Nani hayupo?"

"Mamake Bi Fauzia. Amefariki. Wamemzika."

Mama aliketi polepole. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. Kisha akageuza uso. "Nani kakwambia?"

Hapo yakatoka yote, bila mpango, mengine mbele mengine nyuma: simu, ndoo, sauti, namba iliyofutwa. Twaiba alingoja kofi. Lingekuwa afadhali. Mama aliweka mikono juu ya msala.

"Nifanyie," alisema hatimaye.

"Nikufanyie nini, Mama?"

"Hiyo sauti yangu. Nataka kusikia nilivyomjibu Fauzia aliponiambia mama yake amekufa."

"Mama, tafadhali..."

"Nifanyie, Twaiba."

Twaiba alifumba macho. Koo lake, ambalo halikuwahi kumkatalia, lilifunguka kwa uzito kama mlango wenye kutu. Kwa sauti ya mamake, laini, ya kawaida, akasema, "Haya, sawa."

Mama aliyasikia maneno hayo, akafunika uso kwa leso. Twaiba alikuwa ameigiza sauti za watu wengi maishani mwake, na wote walikuwa wamecheka. Huyu alikuwa wa kwanza kulia.

Bibi alisimama mlangoni na ungo wake. Alikuwa amesikia vya kutosha.

"Kesho usimwache nyumbani," alimwambia Mama. "Mdomo uliovunja ndio utakaounga."

Ijumaa baada ya shule na sala, walikwenda Mwabungo, nyumbani kwa Bi Fauzia. Bi Fauzia alitoka mlangoni amejitanda leso nyeusi, akawatazama.

"Karibuni," alisema. Neno lilikuwa la heshima, lakini halikuwa na joto.

Waliketi. Mama hakuanza. Alimtazama Twaiba, na Twaiba akaelewa kwamba hakuna mtu atakayemsemea.

"Shikamoo, Bi Fauzia."

"Marahaba."

Sauti yake mwenyewe ilimshangaza Twaiba. Ilikuwa nyembamba, imeparara, haina hata ufundi mmoja. "Siku ile ulipopiga simu," alisema, "hukuzungumza na Mama. Ulizungumza na mimi. Niliigiza sauti yake. Nilijua unamwita kazini, na nilitaka akae nyumbani. Sikumwambia kuhusu msiba. Amejua jana. Alikuwa anamshonea bibi wa Vanga msala."

Bi Fauzia alitazama mkunjo wa msala kwenye mapaja ya Mama, kisha akamtazama Mama. "Hukujua?"

"Wallahi sikujua, shoga yangu."

"Mimi nilimwambia mume wangu," Bi Fauzia alisema, midomo ikimcheza, "nilimwambia, Mwanarusi amenijibu kama mtu aliyeambiwa sukari imekwisha dukani. Nililia kwa simu ile, Mwanarusi. Nililia kwa simu ile karibu sawa na nilivyomlilia mama."

"Pole, Fauzia. Pole, ndugu yangu. Mungu ampe kauli thabiti."

Wakakumbatiana, na Twaiba akaachwa peke yake na vidole vyake vya miguu, ambavyo alivichunguza kwa makini sana. Ilipita muda kabla ya Bi Fauzia kujifuta uso na kumgeukia.

"Na kazi ya mamako, unajua ilikwenda wapi?"

"Sijui, Bi Fauzia."

"Nimempa Mbeyu wa Kinondo. Ana mtoto mchanga na hana mume. Simtoi. Siwezi kumwambia arudi nyumbani kwa kosa ambalo si lake."

"Wala mimi sikuja kutaka atolewe," Mama alisema upesi.

Twaiba alikuwa amefikiri kwamba ukisema kweli, mambo hurudi mahali pake kama shuka chini ya godoro. Sasa aliona kwamba mengine hayarudi. Machozi yalimdondoka bila kuomba ruhusa.

"Mwezi wa nane wageni wakizidi, tutafungua vyumba vya upande wa bustani," Bi Fauzia aliongeza, sauti imelainika. "Hapo nitakuita, Mwanarusi. Na safari hii nitauliza kwanza jambo ambalo wewe peke yako unalijua." Kisha akamnyooshea Twaiba kidole. "Wewe, bingwa wa simu. Arubaini ya mama inakuja. Nina jamaa Vanga, Lungalunga, Majoreni, kila mahali. Wote wataitwa na wewe. Kwa sauti yako. Na kila mmoja utamjulia hali mpaka amalize yeye."

Hiyo ilikuwa hukumu, na haikuwa nyepesi kama inavyosikika. Jumapili Twaiba aliketi barazani na kabambe ya Mama. Wa kwanza alikuwa Bi Zainabu wa Majoreni, ajuza ambaye sikio lake moja lilikuwa limekwisha kustaafu.

"Nani mwenzangu?" Bi Zainabu aliuliza kwa kelele.

Koo la Twaiba likawasha. Sauti ya Bi Fauzia ilikuwa tayari imesimama mlangoni, imevaa viatu. Sauti ya mtu mzima ingemaliza kazi upesi. Akaifungia ndani.

"Ni mimi, Twaiba, binti Mwanarusi wa Msambweni. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Twaiba yupi? Yule aliyeambiwa msiba akasema haya, sawa?"

Kumbe habari ilikuwa imetangulia kufika Majoreni. Barazani, Mama aliinamia kunde zake asionekane uso.

"Ndiye mimi, Bibi."

"Mmh. Haya, sema."

"Kwanza u hali gani, Bibi? Miguu inaendeleaje?"

"Miguu!" alisema Bi Zainabu, na sauti yake ikabadilika kabisa. "Kaa nikwambie habari ya miguu."

Twaiba alikaa. Aliambiwa habari ya mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa marehemu mumewe. Hakumkatiza. Na alipopewa nafasi ya kutaja siku ya hitma ya arubaini, Bi Zainabu alisema, "Nitakuja, inshallah. Na wewe uje unisalimie, nikuone sura." Siku ya arubaini walikuja wengi, na zaidi ya mmoja aliuliza, "Yuko wapi yule mtoto wa simu?" Twaiba alijitokeza kila mara, akasema pole, akabeba sinia.

Mwezi wa nane, shule zilipokuwa zimefungwa, Bi Fauzia aliita. Asubuhi ya kuondoka, Mama na Twaiba walisimama kando ya barabara wakingoja gari la Ukunda. Ubaridi ulikuwa bado haujatoka, na Twaiba alikuwa ameshika mkoba wa Mama kwa mikono yote miwili, labda kwa kuusaidia, labda kwa kuuzuia.

"Unajua kilichoniumiza?" Mama aliuliza.

"Kazi. Na msiba."

"Hivyo pia. Lakini zaidi ni kwamba ulichukua sauti yangu ukanisemea, na yako ukaificha. Masika yote ulikaa gotini pangu, hukuniambia hata siku moja kwamba unaumia nikienda. Uongo haujui kuchagua, Twaiba. Ulitaka uzuie kazi tu, nao ukazuia na rambirambi. Ukiwa na jambo moyoni, liseme kwa mdomo wako, tena kwa mwenyewe."

"Na nikilisema, hutakwenda?"

"Nitakwenda. Wageni wana msimu wao, mvua ina msimu wake, na sisi lazima tule katika yote. Siku za mapumziko nitakuja, na masika yakirudi nitarudi."

"Sasa faida yake nini kusema?"

"Nijue," Mama alisema. "Nikitandika vitanda vya watu kule, nijue kwamba huku niko moyoni mwa mtu."

Gari lilitokea kwenye kona, likapunguza mwendo. Twaiba aliuachia mkoba.

"Usiende, Mama," alisema.

Mama alimvuta, akamkumbatia mbele ya gari zima, utingo akipiga ubavu wa gari kuwahimiza.

"Nimesikia, mwanangu," akajibu, kisha akapanda.